Alama Kumi za Kijana

Katika wodi ya moyo kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwambia mgonjwa "vua shati" kabla hata hajamsalimia, na mtu huyo ni Mzee Waya. Kazi yake ilikuwa kubandika waya kumi kwenye mwili wa binadamu, sita kifuani na nne mikononi na miguuni, kisha kubonyeza kitufe na kungoja mashine iteme karatasi ya mistari inayopanda na kushuka. Kusoma mistari ilikuwa kazi ya daktari. Mzee Waya naye aliisoma, ila hakuajiriwa kuisoma, kwa hiyo alifunga mdomo. Ukifunga mdomo miaka ishirini na mbili mahali pamoja, unajua mengi ambayo hakuna anayekuuliza.

Vibanio vya mikononi na miguuni vilikuwa vya chuma, na chuma cha hospitali hata saa sita mchana ni baridi kama salamu ya mwenye nyumba. Mzee Waya alivishika kwanza viganjani mpaka vipate joto. "Moyo umeshatishwa vya kutosha," alisema, "hauhitaji na baridi." Wagonjwa walimpenda kwa hilo. Ndugu zao hawakumpenda sana, kwa sababu ya kazi yake ya pili.

Kazi ya pili ilikuwa karatasi ya alama. Wodi ilikuwa na vitanda vinne tu vyenye mashine inayoangalia moyo muda wote, ile ambayo moyo ukianza kucheza ngoma isiyoeleweka, inalia, na masista wanakuja mbio na mashine ya kuushtua. Vitanda vinne, na watu wanaougua moyo ni wengi kuliko wanaougua mapenzi. Ndipo ikaletwa karatasi. Umri una alama zake, na presha, na mapigo, na maji kwenye mapafu, na ule mchoro wa waya. Unajumlisha. Kadiri alama zinavyozidi, ndivyo kifo kinavyokaribia. Mwenye sita kushuka chini anaenda wodi ya kawaida, maana atapona hata akilazwa kwenye benchi. Mwenye saba hadi kumi na mbili anapewa kitanda cha mashine, na wakiwa wawili wakigombea kimoja, mwenye alama nyingi anatangulia. Kumi na tatu na kuendelea anapelekwa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye pazia la kijani na dirisha zuri kuliko yote hospitalini, na kwenye karatasi yake kuna mstari umeshachapwa tayari, unangoja tu alama ya vema: *Zungumza na ndugu.*

Basi ndugu walipokuja juu wakilia kwamba baba yao anastahili kitanda cha mashine, aliyesukumiwa mbele alikuwa Mzee Waya, kwa sababu ana mvi na sauti ya taratibu. Naye alikuwa na jibu lake moja, lilelile kwa waziri na kwa mchoma mahindi.

"Mwanangu, namba haina kaka wala dada. Ingekuwa nao, ningekuwa wa kwanza kuwaombea wangu."

Watu walikubali. Ni jibu zuri. Tatizo la jibu zuri ni kwamba siku moja linakuja kukutafuta kwako.

*

Kaka yake aliitwa Kijana. Si jina la kupewa na wazazi. Alipewa na ofisi ya maji, ambako alikuwa msoma mita, na sababu yake ilikuwa uongo wa miaka thelathini.

Baba yao alifariki Mzee Waya akiwa na miaka saba na kaka yake kumi na mitano. Kaka akaacha shule. Akabeba zege, akauza mitumba, akalinda maduka, ili dogo aende shule, na dogo akaenda mpaka akapata cheti cha kubandika waya. Wakati huo kaka alikuwa na miaka thelathini na sita bila kazi ya kudumu. Ofisi ya maji ikatangaza nafasi kwa wasiozidi thelathini. Mtu mwingine angepunguza sita. Yeye alipunguza kumi na mbili.

"Ukishaamua kuiba," alimweleza mdogo wake, "usiibe kijiko."

Tangu siku hiyo, kwa mama yao Kijana alikuwa kifungua mimba, na kwa serikali alikuwa mdogo wa mdogo wake kwa miaka minne. Utani huo haukuzeeka, hata wao walipozeeka. Wakikutana, Mzee Waya alimpa mkoba. "Shika, dogo. Kwa kitambulisho mimi ni kaka yako." Na Kijana alijibu, "Kwa kitambulisho hata wewe ni mtu." Kila Jumapili asubuhi Kijana alipaka nywele rangi nyeusi, nyeusi ya kupitiliza, nyeusi ya kiatu cha askari, na ofisini alilalamika kuhusu wazee wanaong'ang'ania kazi. Alikuwa na miaka sitini na sita. Kwenye karatasi alikuwa na hamsini na nne, na miaka sita mbele yake ya kupanda ngazi za watu akisoma mita.

Ngazi hizo ndizo zilizomleta.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa ghorofa ya tatu ya jengo fulani, kalamu mkononi, akahisi kama kuna mtu amekaa juu ya kifua chake na hana haraka ya kuondoka. Akateremka mwenyewe, akaita pikipiki mwenyewe, akafika hospitali akiwa na rangi ya majivu na jasho la mtu aliyemwagiwa maji, akamwambia Sista Mkuu pale mlangoni, "Niitieni kaka yangu wa waya."

Sista Mkuu alikuwa mwanamke mpana, wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa na miiba. Alimtazama mgonjwa, akamtazama Mzee Waya aliyekuja mbio na vibanio mkononi.

"Huyu nani wako?"

Mzee Waya alikuwa na sekunde moja ya kujibu, na sekunde hiyo aliitumia vibaya.

"Mdogo wangu," akasema.

"Mdogo wako." Sista Mkuu alisoma kitambulisho, akainama akaangalia chini kabisa ya nywele, pale rangi ilipoishia na ukweli ulipoanzia. "Hamsini na nne? Na shingo hiyo?"

"Sista," Kijana akanong'ona, macho yamefumba, "nikipona tutagombana."

Akacheka peke yake, cheko likakatika njiani.

Mzee Waya akampashia vibanio, akambandika waya, akabonyeza kitufe. Mashine ikatema. Hakuhitaji daktari. Mistari ilikuwa imeinuka kama mgongo wa paka aliyekutana na mbwa, na ilikuwa imeinuka mahali pabaya. Akachukua kalamu aliyoifunga shingoni kwa kipande cha bendeji, akaanza karatasi. Mchoro, nne. Presha imeshuka, mbili. Mapigo yanakimbia, mbili. Maji kwenye mapafu, mbili. Kumi. Kisanduku kimoja kilibaki, cha juu kabisa, ambacho kwa kawaida alikijaza kwanza. Umri. Chini ya hamsini na tano, sifuri. Sitini na tano kwenda juu, tatu.

Alijumlisha tena kana kwamba hesabu ina huruma ukiirudia. Kumi na tatu.

Kijana akamshika mkono wa koti. "We dogo. Andika ya kitambulisho. Barua ya hospitali itaenda ofisini. Wakiona sitini na sita, nimekwisha."

Alidhani anaokoa kazi. Hakujua kwamba kuna chumba chenye pazia la kijani na dirisha zuri. Hakujua kwamba uongo wake wa miaka thelathini, ule wa kijiko, siku hiyo ulikuwa na thamani ya alama tatu kamili, na kwamba alama hizo tatu ndizo zilizokaa kati yake na pazia.

Kitanda cha mashine kilikuwa kimebaki kimoja. Cha nne, cha ukutani.

Na wakati huohuo mlango ukafunguka, machela nyingine ikaingia. Alikuwa mwanamke, fundi cherehani, miaka arobaini na tisa, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, kwa sababu maumivu yalimkuta akimpima mteja kiuno. Nyuma yake mume wake, dereva wa lori la mchanga, kashika viatu vya mkewe mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Mzee Waya akampima naye. Akampashia vibanio naye. Mchoro, nne. Presha, mbili. Mapigo, mbili. Maji, moja. Umri, sifuri. Tisa.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, mwaka wake wa pili wodini, mtu safi aliyeamini karatasi kwa sababu hospitali alikotoka, kusiko na karatasi, aliona vitanda vikigawiwa kwa simu za wakubwa. Akanyoosha mkono. "Mzee, nipe zote mbili."

Karatasi ya fundi cherehani ilikuwa tayari. Ya Kijana ilikuwa na tundu juu. Mzee Waya aliiweka ukutani, akaandika hamsini na nne, na mbele yake akachora sifuri nzuri, ya duara, kama ya mwalimu anayemchukia mwanafunzi.

Daktari akasoma. "Kumi. Tisa." Hata hakusimama. "Kumi aende kitanda cha nne. Tisa tumwanzishie dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, aende wodi ya kawaida, kitanda cha kumi na saba. Kikipatikana kingine, ahamishwe."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna radi iliyopiga. Machela mbili ziliachana kwenye korido, moja kushoto, nyingine kulia, na gurudumu la ile ya kulia lilikuwa linalia kwa kukosa mafuta.

*

Dereva wa lori alimfuata Mzee Waya mpaka kwenye kabati la vifaa.

"Mzee wangu, samahani. Tisa ni mbaya?"

"Tisa ni bora kuliko kumi," akasema Mzee Waya. Na ilikuwa kweli tupu. Hicho ndicho alichokuja kukichukia baadaye, kwamba ilikuwa kweli.

"Kwa hiyo yule aliyepelekwa kwenye mashine, hali yake mbaya kuliko ya mke wangu?"

"Mbaya zaidi."

Dereva akashusha pumzi. Akaangalia viatu alivyoshika, akacheka kidogo kwa aibu. "Basi afadhali. Mimi nimeona mashine nikadhani tumenyimwa. Kumbe tumependelewa." Akampa mkono. "Mungu amsaidie na yule maskini."

"Amina," akasema Mzee Waya, kwa sababu ukiombewa ndugu yako unaitikia, hata kama sala imekuja na kisu ndani yake.

Mchana alipita kitanda cha kumi na saba mara tatu, akijifanya anatafuta waya. Fundi cherehani alikuwa ameamka, maumivu yamepungua, rangi imerudi. Alikuwa mtu wa mdomo.

"Mzee, koti lako bega moja limeshuka. Nani alikushonea, adui?"

"Nilipewa na hospitali."

"Basi adui. Niletee kesho nikurekebishie. Sina la kufanya hapa zaidi ya kumsikiliza jirani anavyokoroma." Akamgeukia mume wake. "Na wewe, usinisimamie kama nguzo. Nenda kaniletee miwani yangu. Na umwambie yule bibi harusi gauni lake litachelewa wiki moja, asije akamfuata fundi mwingine."

Dereva akaenda kuleta miwani. Saa kumi kasoro robo muuguzi mdogo alipita kugawa vipimajoto, akampa wa kumi na sita, akafika wa kumi na saba, akasema, "Mama, inua kwapa." Akasema tena.

Hakuna aliyejua ni dakika ngapi. Jirani wa kulia alisema alidhani amelala. Jirani wa kushoto alisema alisikia kama mtu anavuta pumzi ya kukoroma, mara mbili, akafurahi kwamba leo si yeye anayekoroma. Mashine ya kushtua ililetwa mbio, Daktari akapanda juu ya kitanda kwa magoti, wakafanya yote yanayofanywa. Mzee Waya aliitwa kubandika waya. Safari hii hakupasha vibanio. Mashine ikatema karatasi ndefu yenye mstari mmoja ulionyooka, ulionyooka kama mshono wa fundi anayejua kazi.

Dereva alirudi saa kumi na robo, miwani ndani ya mfuko wa shati.

Hakulia pale. Alikaa kwenye benchi muda mrefu, kisha akanyanyuka, akamtafuta Mzee Waya, akamkuta kabatini.

"Nimekuja kukushukuru, mzee."

Mzee Waya akaendelea kukunja waya.

"Wengine wote hapa walikuwa wananizungusha. Wewe ulinijibu. Mchana mzima nilikaa na amani kwa sababu yako. Na yeye alikaa na amani, nilimwambia, nikamwambia wewe ni tisa, kuna mwenye kumi, na tukamcheka kidogo yule mwenye kumi, Mungu atusamehe." Akafuta uso kwa kiganja. "Ndugu yake yule wa kumi yuko hapa? Mwambie asikate tamaa."

"Nitamwambia," akasema Mzee Waya.

*

Alhamisi, saa tano asubuhi, Kijana alikuwa amekaa kitandani akimlalamikia Sista Mkuu kuhusu uji.

"Sista, huu uji mmepika au mmeoshea sufuria?"

"Kunywa, kijana wa hamsini na nne. Wenzako wa umri huo hawachagui."

Akafungua mdomo kumjibu, na jibu halikutoka. Macho yakapanda juu. Mashine ikalia. Sista Mkuu, kwa mwili ule ambao hakuna aliyewahi kuuona ukikimbia, alikuwa ameshafika kwenye mashine ya kushtua kabla bakuli la uji halijagusa sakafu. Wakamshtua mara moja. Kifua kikaruka. Wakangoja. Mstari ukatapatapa, ukajikusanya, ukaanza tena kupanda na kushuka, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akishika ukuta.

Kwa kuhesabu, tangu mashine ilie mpaka moyo urudi, ilikuwa sekunde arobaini na moja. Mzee Waya alihesabu. Alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda na waya mkononi, na alijua anachokiona. Ni kitu kilekile. Kilichomkuta kaka yake saa tano asubuhi ndicho kilichomkuta fundi cherehani Jumanne jioni, hakuna tofauti hata ya unywele, ila huku kulikuwa na kitu cha kulia na kule kulikuwa na jirani aliyefurahi kwamba si yeye anayekoroma.

Kijana akafumbua macho. "Nani kanipiga teke?"

"Mimi," akasema Sista Mkuu, akihema. "Na nitarudia."

Shemeji, mke wa Kijana, aliyekuwa mlangoni na chupa ya chai, akapiga magoti palepale akamshukuru Mungu, akamshukuru Sista, akamshukuru Daktari, na kisha akamshika Mzee Waya miguu. "Shemeji, wewe ndiye uliyempigania. Najua wewe ndiye." Mzee Waya akamwinua haraka mno, kama mtu anayeokota kitu alichokiiba kikadondoka mbele za watu.

Usiku ule hakula, na mchana uliofuata pia. Wazo lilikuwa limempata pale miguuni mwa kitanda na lilikataa kuondoka. Si kuhusu fundi cherehani; hilo lilikuwa jeraha, na jeraha unajua lilipo. Hili lilikuwa kubwa zaidi. Kijana alikuwa kumi na tatu. Kumi na tatu halisi. Karatasi ilisema kumi na tatu hufa, na kweli walikufa, wote, mwaka hadi mwaka, nyuma ya pazia la kijani, kwenye dirisha zuri, bila mashine ya kulia. Yeye ndiye aliyewapeleka. Yeye ndiye aliyewaambia ndugu kwamba namba haina kaka. Na sasa kumi na tatu mmoja, mwizi, aliyeingia kwa mlango wa nyuma, alilala kwenye kitanda cha mashine, na huyo hapo anatukana uji.

Basi karatasi ilikuwa inatabiri kifo, au ilikuwa inakiagiza?

*

Mwisho wa mwezi Daktari alikuwa na desturi ya kufungua daftari la matokeo, kulinganisha kilichotabiriwa na kilichotokea. Alimwita Mzee Waya amsomee, kwa sababu mwandiko wa wodi nzima ulijulikana na Mzee Waya peke yake.

"Kumi, kitanda cha nne, miaka hamsini na nne."

"Ameruhusiwa," akasoma Mzee Waya.

"Vizuri. Tisa, kitanda cha kumi na saba."

"Amefariki."

Daktari akatikisa kichwa. "Bahati mbaya ile. Kumi na tatu na zaidi?"

"Watano. Wamefariki wote."

"Wote." Daktari akapiga mstari kwa rula. Kulikuwa na kitu kama fahari kwenye sauti yake, fahari ya huzuni, ya mtu ambaye saa yake haikosei hata kama inahesabu siku za jela. "Unaona, mzee. Kwa kumi na tatu haijawahi kukosea. Hata mara moja."

"Imekosea mara moja," akasema Mzee Waya.

Akamwambia. Yote: kitambulisho, rangi ya nywele, kijiko, sifuri ya duara. Alisema bila kupumzika, akiangalia rula. Alipomaliza, nje mtu alikuwa anasukuma machela ile yenye gurudumu linalolia.

Daktari alivua miwani. Bila miwani alionekana kama mtoto wa shule aliyeamshwa.

"Kwa hiyo kitanda cha nne kilikuwa cha nani?"

"Cha fundi cherehani."

"Na saini ni yangu."

"Saini ni yako. Mkono ni wangu. Niandikie barua nipeleke utawala mwenyewe, niko tayari. Lakini Daktari, si hilo tu. Yule alikuwa kumi na tatu akapona. Ina maana hatujui. Miaka yote hii hatujui, kwa sababu hatujawahi kumpa kitanda hata mmoja. Tunawaweka pale wanakufa, halafu tunaandika: tulisema."

Daktari akaiweka rula pembeni. Alikuwa mtu mwaminifu, na ndiyo maana ilikuwa vibaya kumtazama. Angekuwa mjinga au mkorofi, Mzee Waya angepata wa kumkasirikia.

"Unadhani sijawahi kulifikiria?" akasema. "Nalifikiria kila nikipita pale penye pazia. Sawa. Tuseme kumi na tatu mmoja kati ya watano angepona kwenye mashine. Na tisa, kwenye mashine, wanapona wanne kati ya watano. Vitanda ni vinne, mzee. Nikimpandisha kumi na tatu, namshusha nani? Nitajie. Mshushe wewe."

Mzee Waya alikuwa ameshamshusha mmoja.

"Nimeomba vitanda miaka miwili," Daktari akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Wamejibu mara moja. Waliniuliza kama karatasi inafanya kazi. Nikajibu inafanya. Wakasema basi, kama inafanya kazi, vinne vinatosha."

Akavaa miwani, akafunga daftari.

"Barua sitaandika. Ukiondoka nani atapasha vibanio? Na kaka yako atafukuzwa, na yule mama hatarudi. Rudi kazini."

Mzee Waya alikuja amejiandaa kwa adhabu, kama mtu aliyekunja shati kungoja kiboko. Akaondoka na shati lake limekunjwa, mgongo mzima, na hakuna mahali pa kupeleka mgongo huo.

*

Kijana alirudi kwenye mita. Alipewa kazi ya ofisini wiki mbili, akaikataa, akasema yeye bado kijana. Siku moja alipita wodini na begi lake la kazi, akihema kwa ngazi chache za mlangoni, nywele zimepakwa upya.

"We dogo, mbona huji nyumbani? Shemeji yako anauliza. Anataka akupikie mpaka upasuke."

"Nimebanwa na kazi."

"Kazi gani, kubandika waya?" Akamwangalia vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe hakupata utani wa haraka. "Umekonda. Wewe ndiye uliyeumwa au mimi?" Akampiga bega kwa upole, lile bega la koti lililoshuka. "Nilikusomesha ili siku moja uje unitoe kifoni. Umenitoa. Tumelingana. Sasa cheka basi."

Mzee Waya akacheka. Ilimchukua muda.

Hakumwambia. Angemwambia nini? Kijana aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano ili mwingine apande. Mtu kama huyo ukimwambia kwamba kuna mwanamke alishushwa ili yeye apande, hatabaki na moyo hata wa kusomea mita.

Siku hiyohiyo, baada ya chakula cha mchana, akaletwa mzee mmoja, seremala, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Alikuja na binti yake. Mzee Waya akashika vibanio viganjani. Akangoja mpaka vipate joto. Akabandika waya, akabonyeza, akasoma mistari ambayo hakuajiriwa kuisoma, akajaza karatasi, akianza na kisanduku cha juu kama zamani. Miaka sabini na moja, tatu. Akajumlisha. Akarudia. Kumi na tatu.

Kitanda cha nne kilikuwa wazi. Shuka jipya, mashine imezimwa, mto umekaa katikati kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Daktari alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa anakitazama kitanda hichohicho.

"Kiko wazi," akasema Mzee Waya, taratibu.

"Kwa sasa," akasema Daktari.

Wakasimama. Kutoka nje ya lango, mbali kidogo, likasikika gari la wagonjwa likikata kona. Inaweza kuwa saba. Inaweza kuwa tisa. Inaweza kuwa mtu aliyevunjika mguu. Daktari aliangalia tu kalamu iliyoning'inia shingoni kwa Mzee Waya, kisha akaangalia pembeni, kwa heshima, kama unavyompa mtu nafasi ya kuvaa.

Mzee Waya akashusha kalamu. Akaweka alama ya vema kwenye mstari uliochapwa.

Binti wa seremala alikuwa ameona kitanda. Alikuwa msichana mwerevu, akamfuata kabla machela haijageuzwa, akamshika mkono wa koti.

"Mzee wangu, kile pale hakina mtu. Kwa nini baba asilale pale?"

Mzee Waya akafungua mdomo kulitafuta lile jibu lake la miaka yote, lile zuri, lisilo na kaka wala dada. Halikuwepo. Akatazama benchi.

"Kaa hapa, mwanangu," akasema. "Kaa tuzungumze."